Mimi Ndiye Kifungua Mimba, Leo Naambiwa Nina Dada Mkubwa

Mpendwa Bi. Noh, naomba unisaidie kabla sijavunja nyumba ya baba yangu, maana nimefika mwisho. Mimi ni kifungua mimba, nina miaka thelathini na tisa, mama alifariki nikiwa bado shuleni na alichoniomba ni kumtunza mdogo wangu Gi-tae, nami nimemtunza, nimempikia, nimemfulia, hadi leo akiniita nuna, jinsi mwanamume anavyomwita dada yake mkubwa, nasikia kama mama bado yupo. Sasa baba kaoa mjane, mwanamke mzuri tu, sina ugomvi naye, lakini kaja na bintiye Hye-suk aliyenizidi mwaka, na baba anataka nimwite unni, yaani dada mkubwa, mimi ambaye sijawahi kuwa na dada! Nikawa simwiti kitu, nasema tu "wewe hapo", mpaka siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya kuchachushwa, ya majira ya baridi, tumechuchumaa sote uani na makabichi, Hye-suk akasema, "Bo-kyung, lete chumvi," jina tupu, mbele ya majirani, na Gi-tae bila haya akacheka, "Nuna mkubwa kaamuru, nuna mdogo kimbia!" Bi. Noh, mimi nuna mdogo? Nikamwaga chumvi chini nikasema, "Mkubwa wa nyumba hii ni mmoja, na hakuja jana na lori la vyombo." Hye-suk akavua glavu, akaondoka, sasa kapanga chumba kwingine. Mwezi ujao baba anatimiza miaka sabini, watoto tunapaswa kumwinamia na kumpa kikombe cha pombe kwa heshima, mkubwa kwanza, na Hye-suk kaapa hakanyagi mpaka nimwite dada, na baba kasema bila yeye hakuna sherehe. Mimi simwiti. Nimekosea?

Bo-kyung, Gunsan

Bo-kyung, pole kwa mama yako. Ndiyo, umekosea. Lori la vyombo! Mwanamke mzima, na kabichi mkononi! Hye-suk naye asijifanye malaika: dada anayedai cheo kabla hajakuuliza umekula nini, bado ana kazi. Lakini kakuzidi mwaka, na mdogo huitwa jina; ulitaka akuite nani? Aliyeanza utovu wa adabu ni wewe na "wewe hapo" yako.

Unaogopa kwamba ukilitamka neno hilo, mama atapungukiwa. Hapungukiwi. Kaburini kwake, sikukuu ya mavuno ikifika, wa kwanza kuinama ni wewe, na Hye-suk hakutangulii. Gi-tae naye atakuita nuna hata ukiwa na meno ya bandia.

Tena hujachoka? Mkubwa ndiye anayelipa mkahawani, ndiye anayepigiwa simu mzee akiteleza bafuni. Mpe Hye-suk cheo, na mizigo yake mpe yote.

Kesho jaza ndoo kimchi ile aliyoiacha, uende kwake. Usitume ujumbe, na usimtume Gi-tae na mdomo wake. Mlango ukifunguliwa, kabla hujavua viatu, sema, "Unni, nilikukosea adabu." Kisha mweleze habari za mama, maana nadhani hakuna aliyemweleza.

Siku ya sherehe mwache atangulie, wewe ufuate. Mama alikuachia mdogo umlee, umemlea mpaka kaota ndevu. Kazi ile uliimaliza, na uliimaliza vizuri. Baba yako ana miaka sabini, na anachoomba ni kuona watoto watatu wakipiga magoti mbele yake siku moja. Usimnyime.