Nyuzi za Mkono wa Masika

Jumatatu, 5 Novemba. Butembo
Mvua tangu asubuhi. Nimechemsha vifaa vya dispansari, nimekunja shashi. Kisha nimeukagua mkono wa Masika, mdogo wangu, ulioungua kwa mafuta ya mawese. Bandeji niliyopewa na daktari kule Beni imeshika vizuri. Haina harufu. Alhamisi naitoa.
Daktari alisema uso wa bandeji hiyo umepandwa nyuzi zisizoonekana. Zikiwa ndani ya maji, joto huzikunja, baridi huzinyoosha. Nimeziwaza siku nzima. Shamba dogo juu ya ngozi ya mdogo wangu, linapumua.

Jumatano, 7
Watu wa Vuhovi wanapita na magodoro kichwani. Mapigano yako nyuma yao. Mama ameamua: Ijumaa tunaondoka kwenda Kipese, kwa miguu. Bandeji isipotoka kabla, jasho na vumbi vitaozesha mkono. Naogopa.

Alhamisi, 8
Nimeshindwa. Maji ya vuguvugu na chumvi, kama nilivyofundishwa dispansari, saa nzima. Bandeji ikazidi kung'ang'ania. Nikavuta ncha. Ngozi mpya ikaja nayo, na damu. Masika hakulia, aliniangalia tu. Najichukia.

Ijumaa, 9
Alfajiri mkono wa Masika ulikuwa nje ya blanketi, pale bati linapovuja maji baridi ya mvua. Upande mmoja wa bandeji umeinuka wenyewe.
Nilisimama nikiota macho wazi. Nyuzi zinaamka, zinakunywa, zinajinyoosha. Zikijikunja zinashika. Zikijinyoosha zinaachilia. Halafu aibu. Daktari alinieleza, nami nikapasha maji kwa sababu kwetu kidonda huoshwa kwa maji ya moto.
Nikachukua maji yaliyochemshwa jana, yamepoa kabisa. Mama akashika beseni.
«Maji ya baridi ku kidonda? Unataka kuua mutoto? Hapana!»
«Mama, jana ni mimi nilimuumiza. Acha leo nimuponyeshe.»
Akaachia. Tukangoja. Hakuna aliyevuta. Bandeji ilielea.

Jumatatu, 12. Kipese
Tumefika jana. Ukungu mpaka mlangoni. Masika anachambua maharage kwa mikono miwili. Ngozi ni nyembamba, ya waridi, nzima, isipokuwa pale nilipovuta. Hapo nimefunga shashi ya kawaida.
Leo imeganda kidogo kwenye kidonda. Mama ameteka maji mwenyewe, ameyaweka karibu nami bila kuyapasha. Kwa shashi hii isiyo na nyuzi zile, maji ya vuguvugu yangefaa zaidi.
Sikumwambia.