Sponji ya Kiti cha Nyuma

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikajikuta nasubiri "marahaba, mwanangu," kama mjinga.

Pikipiki yako haijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza. Kaka alitaka iuzwe, wala hakuwa na ubaya: yeye anaishi mbali, na mimi ni huyu huyu mfupi uliyezoea kumtania. Nikiikalia, miguu inaning'inia. Lakini bila pikipiki, Mama na nyonga yake mbovu hatoki hapa mlimani Mamba, si kwenda kliniki Same, si kwenda kanisani. Nikaomba wiki moja niifanye initoshe.

Jirani akaniteremshia pikipiki hadi kwa fundi, Same mjini. Fundi akasema dawa ni kukata sponji ya mbele, kiti kishuke. Siku mbili nilimzuia. Hapo ndipo ulipokaa wewe miaka yote, na kukata hapo niliona ni kukukata wewe. Mwishowe nikamwambia, haya, fungua.

Unakumbuka tulivyokusema kuhusu kiti hicho? Kimepasuka, umekishona mwenyewe kwa uzi wa magunia ya tangawizi, hutaki fundi akiguse. Tulicheka: Upare huo, mzee bahili hata kwa kiti chake! Na ile tabia yako ya kusimama juu ya vikanyagio kila tulipofika kwenye mawe, kifua mbele, tuliiita mbwembwe. Wewe ulijibu tu, "Nasimama nione kona."

Fundi akafumua uzi, akavua ngozi ya kiti, akaniita nitazame. Mbele hapakuwa na cha kukata. Sponji yako ilikuwa nyembamba kama chapati. Nyingine yote ulishaikata zamani ukaihamishia nyuma, tabaka juu ya tabaka, ukaichonga upande mmoja, pale pale nyonga ya Mama inapouma. Fundi, mtu aliyezoea pikipiki za kila namna, akavua kofia yake. "Dada, mzee alikuwa anakalia bati?"

Nilikaa chini, kwenye sakafu yenye oili na gauni langu zuri. Sikulia, Baba. Nilistaajabu. Nimekula meza moja na mtu wa namna hiyo nikidhani namjua, kumbe namjua jina tu.

Basi tukashusha shokapu, usukani tukauvuta kwangu, na sasa nyayo zangu zinagusa chini. Fundi alitaka kuniongezea sponji, nikakataa, miguu ingepaa tena. Bampa uliyoichomelea kukinga miguu imebaki ilivyo. Nimenunua kofia ngumu mbili. Mama anavaa yake juu ya kitambaa na analalamika kwamba inamfanya aonekane askari. Madigadi nimeipaka nyekundu, na usukani nimeufunga nyuzi za rangi. Usinicheke, wewe mwenyewe ulipenda pikipiki inayong'aa.

Mama nilimweleza kuhusu sponji. Alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama. "Mimi aliniambia anaangalia kona," akasema, kisha akaendelea kumenya, taratibu sana.

Jumapili nikampakia kwenda kanisani. Tulipofika kwenye mawe, kiuno changu kilijifunza ulichokijua wewe miaka yote. Nikasimama juu ya vikanyagio. Mama akaita kwa nyuma, "We, unafanya nini?"

"Nasimama nione kona."

Akacheka, Baba. Alicheka mpaka kofia yake ikanigonga kisogoni. Hajacheka hivyo tangu tukuzike.

Nisamehe lile neno bahili. Pumzika sasa, na huko uliko ukae mahali palipo laini, maana hapa hukupata. Mama nitampandisha na kumteremsha mimi, na kiti cha nyuma hakitaguswa na kisu cha mtu yeyote.

Mwanao mfupi