Udi wa wageni

Ijumaa, baada ya Magharibi.

Wanne wamekufa kati ya sita, na wallahi kosa si langu.

Samaki alionipa Bi Zuhura, jirani aliyehamia Tunguu, niliwashika kama mayai. Niliuacha mfuko wao uelee tangini nusu saa wazoee joto la maji, nikawatia maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo nikawaachia kwa wenzao. Nikaenda kusali Laasiri nimefurahi.

Narudi, ukumbi umejaa moshi. Mavyaa kafunga madirisha, chetezo cha udi kakiweka ubavuni mwa pampu ya hewa. Pampu inauvuta moshi na kuupeleka majini!

"Mama, umefanya nini?"

"Nnawafukizia wageni wako. Mgeni haingii nyumba hii bila udi."

Wanne walikuwa wameshaelea, matumbo juu. Nikazima pampu. Nshachoka kugombana, na Bi Zuhura sijui nitamwambia nini.

Ila neno lile la mavyaa halinitoki. Mwaka wa tisa huu nimeolewa na mwanawe. Siku nilipoletwa humu biharusi, hakunichomea hata chembe ya ubani.