Firigisi Isiyo na Jiwe Hata Moja

Mama,

Barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani tangu mvua zilipokatika, na kila mara inaishia kwenye salamu. Leo nimekaa nyuma ya jiko la hoteli hapa Thongpiny, juu ya kreti ya soda. Wageni wameshakula chakula cha mchana na nimejiambia siinuki mpaka nimelisema lile jambo. Basi nianze nalo, maana nikianza na habari za nyumbani nitakwepa tena. Kuku wako wamekufa, Mama. Tisa kati ya wale kumi na wawili. Niliwaua mimi, nikamsingizia Mama Keji.

Pale mtaani kwetu Buluk kila mtu anajua kwamba kuku wa marehemu walitiwa sumu na jirani. Waliambiwa na mimi.

Tulikuzika kwenye mvua. Watu walikaa uani siku zote zile miguu ikiwa kwenye matope, na mkuu wangu wa kazi alipokuja kutoa pole, tope likamvua kiatu, akabaki amesimama na soksi. Nilitamani ardhi inimeze. Mwezi uliofuata nikaita fundi, ua wote ukamwagwa saruji, kuanzia mlangoni hadi kwenye uzio. Kiden mke wangu alifurahi sana. Kuku nikawajengea banda la waya kwenye kona, nalo sakafu ya saruji, nikasema sasa hata kuku wa mama wanaishi kama watu.

Chakula nilikuwa nawaletea kutoka kazini: mikate iliyolala, wali uliobaki, chapati. Mahindi makavu nikawamwagia kopo zima asubuhi na kopo zima jioni, bila kuyaparaza. Na kwa kuwa wewe hukukosa kuwapa majani, nami nikawa nakata nyasi ndefu kule kando ya mto na kuwatupia fungu zima. Wewe ulizikatakata kwa kisu, ndogondogo, kama unampikia mtoto asiye na meno. Mimi nilikuwa na haraka. Na ukweli ni kwamba nilijiona nawalisha vizuri kuliko wewe. Nilipowaona wanakula mkate wa hoteli nilisimama pale nikitabasamu mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwakamata jioni, mmoja mmoja, kabla hawajaingia ndani, ukiwabonyeza gole, ule mfuko wa chakula hapo chini ya shingo? "Jioni ijae, asubuhi iwe tupu," ulikuwa unasema. Nikakucheka, nikasema Mama anawapima kuku presha. Ukanijibu bila hata kunitazama, "Cheka tu, mpishi ya kawaja, ya hawa wazungu. Wewe unajua kuku ya sufuria peke yake." Ulinipata, Mama.

Na lile gunia la mchanga. Ulilileta kutoka mtoni kwa boda boda, umelikumbatia, mchanga wenye changarawe, ukaja kuumwaga uani. Siku moja ulipita nalo hapa mbele ya hoteli ukanipungia mkono. Nikageuka, nikajifanya napanga viti. Mwenzangu akaniuliza yule mama ni nani. Nikasema simjui. Hilo nalo sikuwahi kukuambia, na ulikuwa hai.

Basi kuku wakaanza kuugua. Gole linavimba na kuwa gumu kama mpira, chakula hakishuki. Kuku ananyoosha shingo na kufungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, na mdomo wenyewe unanuka uchachu. Kinyesi maji ya kijani. Nikanunua dawa sokoni Custom, nikawapa, halafu nikawaongezea mahindi ili wapate nguvu. Akafa mmoja. Wakafuata wawili.

Asubuhi moja nikamkuta Mama Keji kwenye banda, amefungua fundo la lawa, ile shuka aliyojifunga, anawarushia kitu. Nikamuuliza ni nini hicho.

"Ni mawe kidogo ya mtoni," akasema. "Wani, hii kuku inataka mawe. Mama yako alikuwa anapea wao."

Nikamwambia, nani anakula mawe? Atoe uchafu wake kwenye saruji yangu. Kabla kuku hawajadonoa nikashika ufagio kwa mkono wangu mwenyewe, nikafagia kila kijiwe mpaka nje ya uzio. Siku mbili baadaye wakafa wengine wawili. Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani na nguo zao nzuri. Nikasimama katikati ya ua nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba nimemwona kwa macho yangu Mama Keji akiwarushia sumu kuku wa marehemu.

Unajua neno hilo lilivyo hapa kwetu. Mtu akishaitwa wa sumu, hata maji yake hayanywewi.

Hakupiga kelele. Alininyooshea mikono yake yote miwili, viganja juu. "Wani, mikono hii iliosha mwili ya mama yako," akasema. "Sumu iko wapi?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Palikuwa na nafasi hapo, Mama, nafasi kubwa tu ya kusema labda nimekosea. Nikasema, "Kalas, basi. Toka kwangu."

Wiki hiyo akafa yule jike mwekundu. Nikampeleka nyuma ya nyumba na kisu, nimtoe ushahidi niupeleke kwa chifu. Mimi ni mpishi. Kila siku ya kazi napasua firigisi, namwaga vijiwe vilivyomo kwenye ndoo ya taka, naosha, nashika nyingine. Miaka kumi na moja nafanya hivyo na sikuwahi kujiuliza vile vijiwe vinatafuta nini mle ndani. Nikapasua gole la yule mwekundu. Nyasi zimesokotana kama kamba, mahindi mazima yamenaswa humo, na donge la mkate limechacha. Nikapasua firigisi. Laini. Hakuna jiwe hata moja.

Nikaelewa pale pale, nimechuchumaa, kisu mkononi. Kuku hana meno. Yale mawe ndiyo yanayomsagia chakula, na mimi nilikuwa nimeyafunika kwa saruji, na yale machache aliyoleta Mama Keji nikayafagia. Kuku wako walikufa kwa njaa huku wamejaa chakula.

Kiden alikuwa amesimama mlangoni. "Umeona nini?"

"Nimeona," nikasema.

"Nini sasa?"

"Ndani ni kweusi tupu."

Hapo, Mama. Yale ya Jumapili niliyasema kwa hasira na ujinga. Haya ya weusi wa sumu niliyasema najua ni uongo. Kiden akayapeleka bombani kwa wanawake wenzake, na kutoka bombani yakafika Custom. Sikumwambia ayapeleke. Sikumwambia pia asiyapeleke.

Na wengine watatu walikufa baada ya hapo, kwa sababu kuivunja saruji niliona kama ni kukiri. Nilipoivunja mwishowe, ile kona nzima, niliwaambia watu nataka kupanda ndizi. Nikaleta mchanga wa mtoni. Mtama nawapa konzi moja, mahindi naparaza, majani nakatakata, mkate hapana. Jioni nawabonyeza gole, na asubuhi tena. Wale watatu waliobaki wamepona, wanataga. Mayai yao anakula Kiden. Mimi yananikwama.

Mama Keji bado anauza chai Custom, palepale ulipokuwa ukikaa naye mkisengenya watu. Nikienda kununua kuku wa hoteli nazunguka njia ya nyuma. Juzi njia hiyo ilikuwa na lori limekwama, nikalazimika kupita mbele. Saa nne asubuhi, saa ya chai, vijana wa boda wamesongamana kwa mama mwingine hatua chache tu kutoka kwake. Viti vyake vyote vitupu. Alikuwa anafuta vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Akaniona. Akanisalimia, Mama. "Wani, nyumbani wazima?" Nikasema wazima, nikaongeza mwendo.

Jumamosi ijayo ni maombi yako ya mwaka. Jana mjomba aliuliza nani atasimamia jiko, akasema angefaa yule rafiki yako mliyetoka naye kambini Uganda, yule aliyekuosha. Kiden akanijibia: "Si yule." Nikatazama sahani yangu. Nilikuwa sijawahi kujichukia hivyo.

Nilikuwa nimejipangia njia nyepesi. Niende tu, nikae kwenye kiti chake, niagize chai, niinywe watu wakiona. Wangerudi kwake. Kisha nikaushtukia ujanja wangu mwenyewe: wangesema Wani amemsamehe yule mama, kumbe ana moyo mzuri. Ningeondoka pale na sifa. Kwa hiyo maneno kwanza. Chai baadaye, kama atanipa, na akiimwaga chini itakuwa haki yake.

Kiden nitamwambia leo jioni, asije akayasikia sokoni kama wengine walivyoyasikia ya kwake. Kesho saa nne nitasimama mbele ya wale vijana wote. Nimeyaandika hapa ili nisiyapunguze njiani: "Mimi ni Wani. Kuku ya mama yangu niliua mimi, na chakula mbaya. Mama Keji hakuweka kitu. Nilijua, nikanyamaza." Nakuahidi sitaongeza "lakini" hapo mwisho. Ninajijua, ningependa sana kuiongeza.

Pumzika, Mama. Msamaha wako siuombi leo. Yupo aliye hai ambaye lazima aombwe kwanza, na sijui atasemaje.

Mwanao,
Wani