Kigoda cha Kupandia Gari

Mtoni, Temeke
12 Novemba 1995

Kaka yangu Twalib,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na joto la huko Dubai limepungua. Sisi hapa afya tunazo. Najma yuko darasa la tano. Nusaiba bado analala na shati la baba yake. Nimeacha kulifua kwa sababu analia. Mama mkwe mguu unamsumbua, ila ulimi haujambo.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Ulinishauri nilinunue lile gari analouza shemeji yangu Anwar. Acha nikueleze ilivyokuwa, tangu mwanzo.

Anwar alikuja wiki moja baada ya mimi kutoka eda. Alisema yuko mtu Kinondoni amekwama, anataka kuliachia Landkruza lake lililotumika kidogo, la viti vinane, na kiyoyozi chake kinafanya kazi. Alisema watoto wa marehemu kaka yake wasisukumane vituoni kama watoto wasio na mtu. Neno hilo liliniuma, naye aliona limeniuma. Nikamwambia nilichonacho ni kiinua mgongo cha marehemu Marijani cha bandarini na kile kiwanja chetu cha Kigamboni. Akajibu kwamba kiwanja hakimpeleki mgonjwa hospitali.

Nililipima jambo hilo kwa siku nyingi. Gari kubwa linakunywa mafuta, vipuri vyake ni ghali, na mimi hata usukani sijawahi kuushika. Lakini kila siku ya kliniki tunambeba mama mkwe mzobemzobe mpaka barabarani. Ndipo barua yako ikaja, umeandika: gari nalijua, nunua bila wasiwasi. Nilidhani unazungumzia aina ya gari. Nikasema moyoni, wangapi wana kaka anayefanya kazi kwenye yadi ya magari Dubai? Nikamwambia mnunuzi wa kiwanja aje Jumamosi.

Alhamisi, siku mbili kabla, nilikwenda kuliona, pamoja na mama mkwe na fundi Polikarpo wa Vingunguti, yule aliyekuwa akitengeneza Vespa ya Marijani. Mama mkwe aling'ang'ania tubebe kigoda.

Kigoda hicho Marijani alikichongesha Keko mwaka jana, cha mti wa mninga. Alimsimamisha mama yake ukutani, akamwambia anyanyue mguu mpaka anapoweza, akapima kwa futi kamba huku anacheka. Nilipouliza cha nini, alisema cha kufikia juu ya kabati. Siku zilezile aliacha sigara, akauza na Vespa, akasema inamuumiza mgongo. Nilimchua mgongo ule kila jioni, kaka. Mgongo ambao haukuwa unauma.

Kule Kinondoni mwenye gari hatukumkuta, tulimkuta Anwar tu; tukaweka kigoda mlangoni mwa gari. Mama mkwe akakanyaga, na mguu wa pili ukatua ndani bila kushikwa na mtu. Alivyokaa tu akamuuliza Anwar bendera iko wapi, maana leo yeye ni mke wa waziri. Anwar alicheka kupita kiasi. Mimi nilikaa mbele. Nitakwambia kweli, nilifurahi. Nilipitisha kiganja kwenye dashibodi na kwa muda kidogo nikasahau kuwa ni mjane.

Polikarpo aliingia uvunguni, akagonga bodi kwa vidole, akanusa oili. Akaniambia, Mama Najma, gari halina ubaya, ila anayeuza ana mbio kuliko gari lenyewe. Anwar akamuuliza kama yeye ni fundi au mganga. Polikarpo alifungua mlango wa nyuma, akainua zulia aone kama jeki na tairi la akiba vipo. Jeki ilikuwa imeviringishwa kipande cha boksi isigongegonge njiani. Boksi lilikuwa na maandishi, akanipa nisome.

Yaliandikwa hivi: "Shemeji Marijani, jeki na spana zote zimo. Mlango nimeupima, kigoda chako kitatosha. Usimwambie mdogo wangu Mwana mpaka lifike."

Ulikuwa mwandiko wako, Twalib. Mkia wa herufi "j" unaupinda upande usio wake. Ulinifundisha hivyo kwenye mchanga wa uani kwetu, mwalimu akanichapa, na mpaka leo naandika hivyo.

Hapo nikaikumbuka bahasha, na kosa ninalokiri ni hili. Wiki ya tatu ya eda Anwar alisimama nje ya mlango, akasema anahitaji karatasi za Marijani za bandarini ili afuatilie stahili zake. Anafanya kazi ya kutoa mizigo Kurasini, nikaona yeye ndiye anayejua. Sikutoka, maana eda hairuhusu nionane na mwanamume. Nilimpa Najma bahasha ampelekee, bila kuifungua. Niliona aibu mjane kupekua mali kabla ya kumaliza kumlilia mume. Nikamshukuru Anwar kupitia pazia. Kumbe karatasi za gari zilikuwa humo; gari letu nililitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipomsomea yale maandishi, Anwar kwanza alisema boksi ni boksi tu. Kisha akasema wewe ndiye uliyemwandikia kwamba mwanamke hajui habari za magari, na kwamba fedha yangu mtagawana wawili, isitoke nje ya familia. Mama mkwe aliyasikia yote akiwa kitini. Akasema gari la mwanawe hashuki. Aliombwa, akabembelezwa, majirani wakajaa. Alikaa humo tangu adhuhuri mpaka alasiri, hata maji akakataa, mpaka Anwar alipomwekea funguo na karatasi mapajani. Polikarpo ndiye aliyetuendesha kurudi.

Sasa gari lipo uani. Kiwanja sikukiuza. Anwar nimemwachia mama yake. Wewe nakuuliza mimi, kwa sababu mama yetu hayupo wa kukuuliza.

Barua yako ya rambirambi bado ninayo. Uliandika kwamba kuanzia siku hiyo wewe ndiye baba wa wanangu, na mimi niliwasomea watoto kwa sauti. Siku ulipoiandika, mlikuwa mmeshapatana na Anwar, au mlipatana baadaye? Nataka kujua hilo tu. Usitume zawadi wala usimtume mtu. Andika mwenyewe, mwandiko wako naujua.

Watoto wanakusalimu, sijawaambia kitu. Fundi Polikarpo naye anakusalimu, hakujui. Mama mkwe hakutuma salamu.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaasha