Mama Haachi Dawa Yako

Mtaa wa Iwase,
Toyama.
20 Machi 2009.

Mpendwa mdogo wangu Kiyotaka,

Pokea salamu za nyumbani, na pole kwa baridi ya Kanada, ambayo nasikia inagandisha hata machozi. U mzima? Unakula? Usiniambie bado ni mikate mikavu, tena umesimama, nitakasirika. Sisi hatujambo, ila Mama ameanguka. Usishtuke, yu hai, na ulimi wake ni mkali kama kawaida. Mkono wa kushoto ndio umefungwa plasta ngumu.

Theluji ya paani imeyeyuka, na wavuvi wameanza kuleta wale ngisi wadogo wanaong'aa. Mume wangu Noboru alinunua sahani nzima. Nikapakua, kumbe nimeweka bakuli moja zaidi. Nimekukumbuka, Kiyotaka, mpaka nikashindwa kula.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu, maana simu zangu hupokei. Mama alianguka bafuni asubuhi, muda mfupi baada ya kumeza kile kidonge cha kizunguzungu. Ndiyo, kile kile. Ulinieleza mwenyewe pale stesheni, siku tuliyomaliza kumbukumbu ya Baba. Ulisema utafiti wako ulionyesha kuwa wazee waliokimeza walianguka zaidi kuliko waliopewa vidonge vya unga mtupu. Kampuni iliyolipia kazi hiyo ikakwambia ngoja kwanza, na mkataba wako unasema majibu ni mali yao. Tafiti mbili zilizokisifu zikachapishwa upesi, wako ukafungiwa kabatini. Ukaniomba nisimwambie Mama, treni ikaja, na tangu siku ile hujakanyaga huku. Huu ni mwaka wa tatu.

Mama anaamini hiyo ni dawa yako. Utafiti ulipoanza aliiona picha yako kwenye gazeti la hapa, basi, ikawa imekwisha. Kila asubuhi anameza, kisha anaiweka pakiti tupu mbele ya picha ya Baba na kumwambia, "Umeona kazi ya mwanao?" Kwenye bafu la mtaa amekisifia hadi jirani yetu Bi Kinue naye amekwenda kukiomba kwa daktari.

Nilikwenda kumwona Daktari Tonami, anayemwandikia Mama kidonge hicho. Si mtu mbaya. "Dada," akaniambia, "mimi nafuata kilichochapishwa. Ziko tafiti mbili, zote zinakisifu. Hiyo ya tatu iko wapi niisome?" Ningemjibu iko kabatini kwa watu? Akasema Mama akitaka kuacha, na aache, ila yeye hana sababu ya kumkataza.

Njiani nilimkumbuka Baba akichuuza dawa nyumba kwa nyumba, sanduku lake mgongoni. Akirudi kwenye nyumba alikoacha dawa mwaka uliotangulia, kabla hajaonja chai aliuliza, "Haya, ipi haikuwafaa?" Kisha nyumba ya pili aliieleza lililoshindikana nyumba ya kwanza. Wenzake walimcheka kwamba anajiharibia biashara mwenyewe. Ninyi wasomi mna mashine za kila namna, swali hilo limewashinda wapi? Nisamehe, hasira hizi si zako. Najua walivyokubana.

Basi nikamwambia Mama kila kitu. Ndiyo, nimevunja ahadi, uje unichape. Nilimkalia mbele ili aone midomo yangu, kwa sababu masikio yake sasa ni ya kubahatisha, na kwa simu hasikii kitu.

"Ni Kiyotaka aliyeligundua hilo?" akauliza.

"Ndiye."

"Akanyamaza?"

"Aliwaambia, Mama. Wao ndio waliomnyamazisha."

"Kumbe ndiyo maana haji. Ananionea haya mimi? Mimi niliyemtawaza?"

Akalia, mdogo wangu. Mama huyu ambaye msibani kwa Baba hakudondosha chozi mbele za watu alilia kwa kwikwi, na mimi nikalia naye.

Nilidhani yamekwisha, nikanyoosha mkono nivichukue vidonge. Akavikumbatia kwa mkono wake mzima. "We Chizuru, hebu acha! Hiki ndicho kitu cha mwanangu kinachonifikia kila siku. Anataka niache? Aje aniambie mwenyewe, hapa, nikimtazama." Nimembembeleza, nimemgombeza, hata shangazi yetu Fusae amekuja kumsema. Amekataa katakata.

Sikutumi ukapigane na kampuni. Hilo ni lako kulipima, na siku utakayoamua kulisema hadharani, sisi tuko nyuma yako. Ila kwanza njoo nyumbani. Hakuna hapa mwenye kinyongo nawe. Tuna hamu tu, hamu inayochosha mwili.

Noboru anakusalimu sana. Binti yetu Wakana anauliza kama mjomba bado anakoroma. Shangazi Fusae anakuombea, na mababu wakuongoze salama barabarani na angani.

Barua hii itakaa njiani wiki nzima. Kila asubuhi ya wiki hiyo Mama atameza kimoja, na baada ya hapo ataendelea kumeza, hadi atakapokuona umesimama mlangoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,
Chizuru