Mnorwe Wangu Simwachi

Jumanne, Beltsville. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na nina hasira mpaka chai imenishinda.

Leo profesa wangu amenipora mada yangu ya uzamivu.

Tangu nianze chuo hapo jirani, College Park, nimekuwa na mtu mmoja tu kichwani: spika wa bunge la Norwe wakati Wajerumani walipovamia, Vita vya Pili vya Dunia. Mhafidhina haswa. Asubuhi ile alihakikisha mfalme, mawaziri na wabunge wanapanda treni na kutoka mji mkuu kabla adui hajawafikia. Waziri mkuu, wa chama cha wafanyakazi, hasimu wake wa siku zote, akataka kujiuzulu. Mwingine angekikimbilia kile kiti. Spika akamsihi yeye na mawaziri wake wabaki. Baadaye akaja huku huku Marekani, akazunguka akihutubia ili nchi yake isisahaulike.

Mimi nimekulia Dodoma, nikiwatazama wabunge kwenye luninga wakitoleana maneno. Nataka kujua mtu anapata wapi moyo wa kumshikilia hasimu wake asianguke. Nimejifunza hadi Kinorwe kwa ajili hiyo!

Profesa anasema niandike kuhusu wanawake wa sokoni Tanzania. "Hapo utakuwa na sauti yako," akaniambia, akitabasamu. Yaani vita na mabunge ni vya wenyewe, mimi nibaki na nyanya. Yeye ni Mmarekani, ameandika kitabu kizima kuhusu Zanzibar, na hakuna aliyemwambia arudi kwao akaandike habari za mahindi.

Na mimi nikafanyaje? Nilivyolelewa. Mkubwa akisema, humbishii usoni. Nikainamisha kichwa, nikapokea vitabu vyake kwa mikono miwili, nikamshukuru. Nyumbani mkubwa angeniangalia tu akajua sijakubali, kisha angemtuma mtu aje aniulize taratibu. Huyu kabla sijafika kituo cha basi alishaiandikia kamati nzima barua pepe, nakala kwangu, kwamba nimeifurahia mada mpya.

Nimeifurahia!

Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye, alicheka kwanza, halafu akakasirika kunizidi. "Wewe, si ungemshow tu hapana? Umekaa hapo unanod kichwa, sasa angejua aje?"

Kaniudhi, kwa sababu ni kweli. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe. Namsifia mtu aliyekataa kusalimu amri mbele ya jeshi, na mimi nimeshindwa kumkatalia mzee mmoja mwenye sweta.

Basi nimeijibu ile barua pepe, na kamati yote itasoma. Sikuweka salamu, sikuuliza habari za familia. Mama akijua atanikana. Nimeandika kwamba sikukubali, mada yangu siibadili, na kama hawezi kunisimamia nitatafuta mwingine. Nimeituma.

Kesho asubuhi nina kipindi chake. Nitaingia, nitamsalimu kwa heshima zote, nitakaa kiti cha mbele.

Radhi siombi.